Muulize Mwalimu: Kisiwa kidogo, jiwe lake na maji yake

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu kuhusu Chumbe, kwamba kisiwa kile hakina kisima hata kimoja. Barua zikamiminika. Wengine wanataka kujua kisiwa ni cha nani, wengine kimetokea wapi, na mmoja anataka kukinunua kabisa. Safari hii basi ukurasa wote ni wa visiwa vidogo vya Unguja. Aliyeniuliza habari za Mlima Meru avute subira.

Mwalimu, shikamoo. Nasikia Chumbe ni kisiwa cha mtu binafsi, tena Mzungu. Je, mtu anaweza kununua kisiwa Zanzibar kama tunavyonunua viwanja huku? Nina akiba kidogo na ndoto kubwa. (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, mwanangu. Ndoto usiiache, lakini akiba irudishe benki. Zanzibar ardhi haiuzwi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliitwaa ardhi yote, na sheria ya ardhi ya 1992 ikasema vile vile: ardhi ni ya umma, mwananchi anapewa haki ya kuitumia, mgeni mwenye mradi anakodishwa kwa muda. Visiwa vidogo vimo humo humo. Ukisikia "kisiwa cha fulani", uliza mkataba ni wa miaka mingapi na unagusa kipande gani.

Chumbe kiko kusini magharibi ya Mji Mkongwe, kilomita 12 hivi. Urefu wake ni kama kilomita moja, upana wake haufiki mita 400, na eneo lake lote ni hekta 20 na ushei. Ukitembea bila kusimama unakimaliza kabla chai haijapoa, ingawa kwa lile jiwe lake hutembei bila kusimama. Bi Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyewahi kuwa mwalimu na kufanya kazi katika miradi ya maendeleo, alianza kukishughulikia mwaka 1991. Kampuni ikaandikishwa 1992, na 1994 Serikali ikautangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi. Msitu nao ukafungwa, haukatwi. Mkataba wa ardhi ni wa miaka 33, nao unahusu kipande kidogo tu cha kujengea. Sehemu kubwa, yaani msitu na mwamba, kampuni inaisimamia kwa niaba ya Serikali, haimiliki. Wageni walianza kulala pale 1998, katika vibanda saba. Vibanda ni saba mpaka leo.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Changuu, kile mnachokiita Kisiwa cha Jela, kilikuwa mali ya Mwarabu mmoja, na mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, akakinunua ili ajenge jela. Jela ikajengwa. Mfungwa hakufungwa humo. Mahali pakaishia kuwa karantini ya abiria wa meli waliotoka kwenye maradhi ya kuambukiza. Na kama unataka kusikia kisiwa kilichouzwa kikauzika, kiko Niihau kule Hawaii: mwaka 1864 Mfalme Kamehameha wa Tano alimuuzia bibi mmoja mjane, Elizabeth Sinclair, kwa dola 10,000, na kizazi chake kinacho mpaka leo. Kile lakini si kidogo, kina kilomita za mraba zipatazo 180.

Mimi naona utaratibu wetu wa mkataba una maana. Mwenye hati ya milele hana wa kumuuliza akifyeka msitu. Mwenye mkataba anajua iko siku atakaa mezani na Serikali na kuonyesha amefanya nini.

Na hata ungepata huo mkataba, karatasi ni jambo la mwisho. Kwanza tazama maji ya kunywa, pili pa kushukia na chombo, tatu upepo unapiga upande gani, nne unasimama juu ya jiwe au juu ya mchanga. Hayo manne ndiyo yatakayoamua utaishi vipi hapo, na barua zinazofuata zote zinarudi huko huko.

Shikamoo Mwalimu. Darasani tumefundishwa kwamba visiwa hutokana na volkano, kama Komoro. Chumbe nacho ni volkano? Mbona hakina mlima? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Marahaba. Mwalimu wako hakukosea kuhusu Komoro. Ngazija ina mlima Karthala, volkano hai. Lakini visiwa vina asili nyingi, na Chumbe hakina tone la moto ndani yake. Kimejengwa na wanyama.

Miaka 125,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko leo, barafu ilikuwa chache, na bahari ilisimama mita kadhaa juu ya hapa ilipo sasa. Pale Chumbe palikuwa na mwamba wa matumbawe chini ya maji, hai, na samaki wake. Matumbawe ni wadudu laini wanaojijengea nyumba za chokaa. Wanakufa, wengine wanajenga juu yao. Kisha likaja baridi refu. Maji yakageuka barafu huko kaskazini na kusini ya dunia, na bahari ikashuka. Mwamba ukabaki nje, ukakauka, ukawa jiwe.

Ilishuka mpaka wapi? Miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Chukua ramani ya bahari utazame mkondo kati ya Bagamoyo na Unguja: sehemu kubwa kina chake hakifiki hata nusu ya hizo. Maana yake pale palikuwa nchi kavu. Chui, paa na kima walivuka kwa miguu. Unguja ilikuwa ni Bara, na Chumbe kilikuwa kiduta cha mawe kwenye uwanda, hakuna aliyekiona kisiwa. Pemba ni mbali na hayo; mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka, ndiyo maana wanyama wa Pemba na wa Unguja hawalingani. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda tena, ikaujaza uwanda, na viduta vilivyokuwa juu vikabaki vimezungukwa na maji. Chumbe, Bawe, Changuu na Chapwani vyote ni hivyo.

Mlima hakuna kwa sababu mwamba wa matumbawe haupandi juu ya maji uliyozaliwa ndani yake. Unakua mpaka usawa wa bahari, unasimama hapo, halafu unatanuka kando. Ndiyo maana visiwa hivi vyote viko bapa. Kitu kirefu kuliko vyote Chumbe ni mnara wa taa, nao umejengwa na watu.

Kama hujaona jiwe la matumbawe kwa karibu, nikueleze. Maji yakitoka, simama ufukweni chini ya genge, yaani ule ukuta wa jiwe la pwani. Juu yako kuna ukingo uliochomoza. Chini yake jiwe limeliwa ndani, hata mtu mzima anaweza kukaa kivulini na kichwa kisiguse. Bahari inalila pale inapolifikia kila siku: mawimbi yanapiga, maji yanayeyusha chokaa, na konokono wanalikwangua wakitafuta mwani. Juu ya mstari wa maji kujaa, jiwe ni jeusi, lina meno. Mvua ndiyo inayochonga hayo meno, kwa sababu maji ya mvua yana ukali kidogo nao unatosha kula chokaa. Sasa weka mkono kwenye ukuta wenyewe, kwenye kivuli. Utahisi mistari ya kujipindapinda: hilo ni tumbawe, limekaa vile vile lilivyokuwa. Sogea kidogo utakuta chaza mkubwa, ganda la juu na la chini yamefumbana bado, kaingia katikati ya jiwe kama alivyokufa. Kawaida chaza akifa nje, mawimbi humtenganisha maganda. Huyu alizikwa hapo hapo alipokuwa akiishi. Kwangu huo ni ushahidi bora kuliko ukurasa wowote wa kitabu kwamba ulipo paliwahi kuwa chini ya bahari.

Mwalimu, mimi ni mama wa Pangani. Kwetu ukichimba hata karibu na pwani unapata maji baridi, yasiyo na chumvi. Nimeona picha za Chumbe, kuna mibuyu mikubwa kabisa. Inakunywa nini? Na hao wageni wanaoga na nini?

Bi mkubwa, swali lako ndilo la maana kuliko yote yaliyokuja.

Pangani mna mto na mna nchi kubwa nyuma yenu. Mvua inanyesha bara, inazama, inatembea chini ya ardhi kuja pwani, na kisima chako kinaipokea njiani. Kisiwa hakina nyuma. Maji yake yote ni yale yaliyomwagika juu yake.

Sasa mvua ikinyesha kisiwani huzama mpaka ikutane na maji ya chumvi yaliyoingia kutoka pembeni. Maji baridi ni mepesi, huelea juu. Kwenye kisiwa kipana, au chenye mchanga uliokaa vizuri, maji hayo baridi yanaweza kujikusanya. Kanuni yake tuliwafundisha wanafunzi miaka yote: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi chini yake. Inatokana na uzito tu. Lita ya maji ya bahari inazidi lita ya maji ya kunywa kwa gramu 25 hivi. Ndiyo maana kisima cha kisiwani kikivutwa sana kwa mashine kinageuka chumvi: umeondoa kidogo juu, chumvi imepanda sana chini.

Chumbe hata hicho kidogo hakikai. Kisiwa ni chembamba, na jiwe lake lina matundu, nyufa na vipango kila mahali. Bahari ikijaa inaingia chini ya kisiwa, ikitoka inatoka, mara mbili kwa siku, na maji baridi yanachanganyika kabla hayajatulia. Chimba popote upendapo, utapata chumvi.

Mibuyu basi? Mbuyu wenyewe ni tangi. Unakunywa masika na vuli, unaweka shinani, na kiangazi unapukutisha majani ili usipoteze. Miti mingine ya kule ni ya tabia hiyo hiyo, migumu, majani madogo au yenye ngozi nene: midaa, mikadi karibu na pwani, na mingine ambayo wenyeji wa Unguja Kusini wataitaja vizuri zaidi kuliko mimi. Udongo haupo wa kulima. Upo wa gao moja hapa, magao mawili pale, umejikusanya ndani ya matundu ya jiwe pamoja na majani yaliyooza. Mizizi inafuata nyufa. Msitu umesimama juu ya jiwe tupu, na ukiukata leo sidhani utarudi katika maisha ya mjukuu wako.

Wageni wanaoga kwa mvua. Kila kibanda kina paa kubwa la makuti lililotandazwa makusudi kukinga maji. Yanapita kwenye chujio yanaingia kwenye tangi lililo chini ya nyumba. Piga hesabu mwenyewe: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Unguja hupata milimita 1,600 hivi kwa mwaka, yaani lita 160,000, ukitoa zinazomwagika na kukauka. Kinachosumbua ni miezi ya katikati. Juni mpaka Septemba mvua ni ya manyunyu, na tangi lazima livuke. Ndiyo maana maji ya kuoga yanapandishwa kwa pampu ya mkono. Ukiyapandisha mwenyewe, huyachezei.

Na vyoo ni vya kavu, vya kuozesha, havina maji kabisa. Msishangae. Kwa jiwe lenye matundu namna ile, chochote unachokimwaga chini kinafika kwenye matumbawe na maji yanayofuata. Yale ya kuogea yanapitishwa kwenye vitanda vya mimea kwanza. Wenye mahoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambao nao wamejenga juu ya jiwe lile lile, wangekwenda kutazama.

Assalamu alaykum Maalim. Nimezaliwa Kikwajuni, nipo Muscat tangu udogoni. Marehemu baba alikuwa mvuvi, akisema upande wa magharibi wa Chumbe hakuvuliwi. Nikimuuliza kwa nini anacheka tu. Palikuwa na jini? (Msomaji, Muscat)

Waalaykumu ssalaam. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Jini sikulisikia. Palikuwa na meli na askari, na hao wanatosha.

Upande wa magharibi ndipo njia ya vyombo vinavyopita kati ya Dar es Salaam na bandari ya Unguja. Ngalawa na madau yakitia nanga pale yanaziba njia. Pamoja na hilo, pwani ya Unguja inayotazamana na kisiwa kulikuwa na eneo la jeshi na mazoezi ya kupiga risasi, na wavuvi wenye akili wakakaa mbali. Hakuna aliyekusudia kuhifadhi kitu, lakini mwamba ukapata kupumzika miaka mingi bila juya, bila dema, bila mtu wa kuukanyaga. Wataalamu walipopiga mbizi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakakuta bustani. Zaidi ya aina 400 za samaki zimehesabiwa hapo, na matumbawe magumu ya aina takriban 200, karibu yote yanayojulikana Afrika Mashariki.

Umbo la kisiwa nalo limesaidia. Mashariki, kuelekea Unguja, maji ni machache, chini kuna mchanga na majani ya bahari, na maji yanatibuka. Magharibi mwamba unaanza karibu sana na pwani, mita moja au mbili tu maji yakitoka, kisha unateremka mpaka kwenye mchanga. Kusi, ule upepo wa kusini, linapovuma, kisiwa chenyewe kinaukinga kidogo mwamba huo. Maji safi ya mkondo yanapita kila siku. Hata hivyo joto halina kinga: 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe ya ukanda wetu wote yaligeuka meupe, na 2016 tena. Ya Chumbe yaliumia, ila yamesimama vizuri kuliko sehemu nyingi zinazovuliwa kila siku.

Askari wa kulinda mwamba, baba yako angefurahi kusikia, walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawana bunduki. Wanamfuata mvuvi na kuzungumza naye, wanamwonyesha samaki walivyo wengi ndani na kwamba wakubwa hutoka wenyewe kwenda nje ya mpaka. Mvuvi humsikiliza mvuvi.

Mnara bado upo na unawaka. Waingereza waliujenga 1904, na pembeni kuna msikiti mdogo wa mawe aliokuwa akisali mlinzi wa taa na watu wake. Nyumba ya mlinzi ndiyo iliyogeuzwa ukumbi wa wageni. Ukija likizo, panda ngazi za mnara, zaidi ya 100, ukiwa juu utaona wazi ninachokisema: upande mmoja maji ya kijani yaliyofifia, upande wa pili mstari wa mwamba, halafu buluu nzito.

Mwalimu, kaa wa nazi anakula nazi kweli au ni jina tu? (Mtoto wa miaka 11, Temeke; kaandika mama yake)

Anakula, mwanangu. Ana nguvu ya kupasua nazi kwa gando lake, lakini hula pia matunda, majani na hata mzoga. Ndiye mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, anaweza kufika kilo nne, na anapanda miti. Mchana analala kwenye mashimo ya jiwe, kwa hiyo kisiwa chenye matundu mengi kinamfaa sana. Jike hushuka pwani kutia mayai majini, watoto huelea baharini wiki kadhaa, kisha hutoka na hawarudi tena. Kaa mkubwa ukimtupa baharini anakufa maji. Unguja wamepungua kwa kuliwa na kutiwa chambo. Chumbe wapo wengi. Panya nao walikuwepo, wakaondolewa wote 1997, maana wanakula mayai ya ndege.

Mwalimu, natokea Matemwe. Wazee wanasema kisiwa cha Mnemba, kilicho mbele ya kijiji chetu, kinahama. Mwaka huu mchanga uko huku, mwaka ujao uko kule. Je, Chumbe nacho kitahama? Na vyote vitazama, kama redio inavyosema?

Wazee wako wamesema kweli. Mnemba na Chumbe watu huviweka kapu moja kwa kuwa vyote viwili vinaendeshwa na kampuni na bei za kulala ni za kutisha. Kwa maumbile ni vitu viwili mbali mbali kabisa.

Mnemba ni mchanga. Kipo upande mmoja wa mwamba mkubwa wa duara refu, na mzingo wake ni kama kilomita moja na nusu. Mawimbi yanavunja matumbawe na magamba, yanasaga, yanarundika nyuma ya mwamba pale yanapoishiwa nguvu. Kaskazi linavuma mwishoni mwa mwaka mpaka Machi, mchanga unasukumwa upande huu. Kusi linaingia, unasukumwa ule. Wewe wa Matemwe unaliona hilo kila msimu bila ya kufundishwa. Kisiwa cha namna hiyo kinaishi kwa mapato na matumizi: mwamba ukiwa hai mchanga mpya unakuja, mwamba ukifa au ukivunjwa kwa nanga, kinatumia akiba. Pwani ya Mnemba imeliwa sana, na mivinje imeanguka majini kwa sababu mizizi imebaki hewani. Kujenga ukuta wa mawe hakusaidii. Mchanga unaozuiwa hapa ndio uliokuwa uende pale. Kasa wa kijani wanataga kwenye ufukwe huo, kwa hiyo ukuta ungewafungia na wao mlango.

Chumbe hakihami. Ni jiwe, na mnara wa 1904 umesimama pale pale ulipowekwa. Kinachohama ni vifukwe vyake vidogo tu. Bahari duniani inapanda milimita 4 na ushei kwa mwaka hivi sasa. Kwa kisiwa chenye genge la mita kadhaa hiyo si habari ya kesho. Kinachonitia wasiwasi Chumbe ni joto la maji, maana mwamba hai wa magharibi ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika jiweni. Kwa Mnemba nina wasiwasi na vyote viwili.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha skuli moja ya mjini Unguja. Tunataka kuwapeleka wanafunzi wa jiografia Chumbe. Twende siku gani, saa ngapi, na tubebe nini?

Vizuri sana, mwenzangu. Chumbe wana mpango wa skuli tangu zamani na maelfu ya watoto wa Zanzibar wamepita. Waandikieni mapema, maana hawachukui kundi kubwa kwa mara moja. Masika, kuanzia katikati ya Aprili mpaka katikati ya Juni, kisiwa hufungwa. Boti huondoka Mbweni.

Siku ichague kwa mwezi wa mbinguni, usitazame kalenda ya ukutani. Kama lengo ni jiwe, nenda bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au baada ya mwezi mpevu. Kwetu bamvua maji hujaa saa kumi na hutoka saa nne, na tofauti ya kujaa na kutoka inaweza kufika mita nne. Mkiwasili saa tatu, saa nne mtakuwa chini ya genge pakavu, chaza na matumbawe ya mawe yako usoni mwenu, na mabwawa madogo yamebakia na viumbe wake. Saa sita maji yakianza kupanda vizuri, wanaojua kuogelea waingie na miwani upande wa magharibi, wakielea. Kusimama juu ya matumbawe ni marufuku, hata kwa kupumzika. Kama lengo ni kuogelea zaidi kuliko jiwe, chagueni maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu, siku ya saba au ya 21 tangu mwezi kuandama, maana mkondo huwa mwepesi.

Kazi ya kuwapa: kila kundi lichore upande mmoja wa kisiwa, kisha mlinganishe mashariki na magharibi. Wapimeni kina cha lile tundu lililoliwa na bahari kwa fimbo. Wapeni na hesabu ya paa na mvua, watakapoliona tangi wataielewa.

Bebeni maji ya kunywa yenu, msiyategemee ya kisiwa. Kofia, nguo za kubadili, na mafuta ya jua kama hayana dawa zinazodhuru matumbawe. Shukeni majini na suruali zimekunjwa. Na viatu, mwenzangu, viwe vya soli ngumu, vilivyofungwa. Lile jiwe linachana ndara kwa hatua chache, na baada ya ndara ni nyayo. Mwanafunzi atakayekuja na ndara abaki mchangani na mwalimu mmoja, achore mnara.